Tumeshakutana na wageni, wako baharini

Asante mwandishi kwa hii habari ya tukikutana na viumbe wenye akili kutoka sayari nyingine tuwatendeeje, ila mimi nauliza hawa tulionao hapa hapa tunawatendeaje? 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili vya angani vinaitwa Voyager, ndani wakaweka santuri yenye salamu za binadamu na sauti za nyangumi pia, na wakati huohuo meli zilikuwa bado zinawachoma chusa hao hao nyangumi kwa biashara, marufuku ilipitishwa 1982 tu. Yaani sauti yake tunaituma angani na mwenyewe tunamuua. Hii inaniuma kweli.

Halafu kuna pweza. Mimi nimekulia pwani, maji yakitoka bibi alikuwa ananichukua mwambani na kijiti chake, siku moja akanionyesha shimo limezibwa na mawe, akasema huyu kajifungia mlango, na kweli ndani kulikuwa na jicho linatuangalia, halafu akabadilika rangi mbele ya macho yangu. Mioyo mitatu, damu ya bluu, seli za neva kama milioni 500 na nyingi ziko kwenye mikono sio kichwani, sasa hapo mgeni wa sayari nyingine atakuwa tofauti kiasi gani tena?

Uingereza 2022 walipitisha sheria inayomtambua pweza kuwa anahisi maumivu. Sisemi watu wa pwani waache kuvua, ndio riziki yetu, ila huku kwingine wanataka kuwafuga kwenye matangi maelfu kwa maelfu, na pweza ni mtu wa kukaa peke yake jamani, hapo mimi nakataa kabisa.