Bunduki nyepesi ya kupanda nayo mlima: unapunguza gramu au unahamisha tatizo?

Wawindaji wa milimani wana ubishi ambao hauishi, bunduki iwe nyepesi kiasi gani. Wa upande mmoja wanakwambia kila gramu unayoitoa ni pumzi unayobaki nayo ukifika juu, wa upande wa pili wanasema bunduki nyepesi ni tamu kubeba na chungu kupiga, halafu anatokea mmoja anasema punguza kwanza kitambi (na hakosei sana). Mimi naona wengi wanabishania namba ya kwenye katalogi, ile ya bunduki tupu, bila kuuliza ni nini kimekatwa mpaka ikafikia uzito huo na itakuwaje ukishaifunga darubini na mkanda na kujaza risasi.

Tuangalie New Zealand maana pale hili swali lina maana kweli. Nchi ile haina mnyama wa asili wa nchi kavu anayenyonyesha ukiacha popo, kwahiyo wanaowindwa ni wa kuletwa: tahr, yule mbuzi pori wa Himalaya, aliachiwa pale 1904, chamois, mnyama kama mbuzi wa milima ya Ulaya, wakaja 1907 kama zawadi ya mfalme Franz Josef wa Austria, na tahr wamezaana mpaka serikali yenyewe inataka wapunguzwe. Wanakaa kwenye majabali ya Southern Alps, safu ya milima ya kule. Unapanda masaa, mikono yote miwili imeshika mawe, bunduki iko mgongoni kwenye begi, halafu ukifika unapata nafasi ya risasi moja kwa mnyama aliye mita 200 au 300 ng'ambo ya korongo na upepo unavuma wa ajabu. Semi-otomatiki nyingi, zile zinazojipakia zenyewe, zilipigwa marufuku 2019 baada ya yale mauaji ya misikitini Christchurch, kwahiyo kwa mwindaji wa kawaida ni bunduki ya bolti, ile unayovuta na kusukuma kwa mkono kila risasi. Na ukiwauliza wanabeba nini utasikia sana jina la Tikka T3x Lite ya Ufini, ambayo ikiwa tupu ina kama kilo 2.9. Wanaotaka nyepesi zaidi wapo, Kimber Mountain Ascent ya Marekani inaenda mpaka kilo 2.2 hivi, ila bei nayo inapanda mlima.

Sasa hesabu. Nishati ya teke, yaani bunduki inavyokurudi begani ukifyatua, inapanda kwa uwiano uleule uzito unavyoshuka. Chukua risasi ileile ya .308 (namba hizi ni majina ya saizi za risasi), bunduki ya kilo 4 kila kitu ndani inakupiga bega kwa joule 17 hivi, ishushe mpaka kilo 2.7 inakuwa 25, yaani karibu nusu yake imeongezeka na mnyama wala hajaongezewa kitu. Mtu akisema halisikii teke akiona mnyama namwamini kabisa, ila mwili wake unalikumbuka kutoka uwanja wa shabaha, ndo maana siku ya siku anafumba jicho kabla ya mlio. Kuna kipimo cha huu ugonjwa na ni rahisi sana, mwambie mwenzako akupakilie bunduki mara na risasi mara bila risasi, wewe usijue, mbele kuwe na shabaha na kinga ya udongo kama kawaida. Ukivuta triga kwenye chemba tupu angalia mdomo wa mtutu. Kama umechota chini ghafla basi hapo ndo risasi zako zinapopotelea, usilaumu kiwanda.

Ila hoja ya wenye bunduki nyepesi nayo siyo ya kupuuza. Mtu aliyefika juu miguu inatetemeka na moyo unadunda hapigi vizuri hata umpe bunduki ya kilo 6, na ile nzito mara nyingi inaishia kuachwa kambini. Tena wengi wanaosema mtutu mwembamba haupigi sawasawa wanachanganya mambo mawili, mtutu mwembamba unapata moto haraka na ukipiga risasi tano sita mfululizo matundu yanaanza kutawanyika, ni kweli, lakini mlimani hupigi sita mfululizo. Inayokuhusu ni ile ya kwanza kutoka mtutu wa baridi, na ikibidi ya pili. Kwahiyo mtu wa bunduki nyepesi anatakiwa apime kwa namna yake, apige mbili au tatu, aache mtutu upoe kabisa, arudie siku nyingine kwenye karatasi ileile, halafu aangalie matundu yote kwa pamoja. Yale ma-grupu ya risasi tatu yanayopigwa picha na sarafu pembeni yanadanganya sana, yoyote anaweza kupata moja zuri akipiga kumi.

Kinachonifanya nisikubaliane na mbio za kilo 2.2 ni utulivu, kuliko hata teke. Bunduki nyepesi inafuata kila pumzi na kila pigo la moyo, nzito inatulia yenyewe. Halafu triga: kama inahitaji kuvutwa kwa nguvu ya kilo 2 na bunduki yote ina kilo 2.5, unaisogeza wakati unafyatua, huna ujanja hapo. Triga ya T3x inarekebishika kati ya kilo 1 na 2, ishushe upande wa 1 na umalizie hapo. Ukishaigusa hakikisha bunduki ni tupu, angalia chemba mara mbili, funga bolti kwa nguvu mara kadhaa, gonga kitako sakafuni juu ya zulia, ikijifyatua yenyewe hata mara moja irudi kwa fundi bunduki. Chini ya kilo moja kwenye bunduki ya kutembea nayo milimani, vidole vimekufa ganzi kwa baridi? Hapana.

Sasa gramu zitoke wapi. Darubini ndo sehemu watu wanajisahau, mtu ananunua bunduki nyepesi kwa pesa nyingi halafu anaweka juu lidarubini la kukuza mara 25 lenye karibu kilo nzima, matokeo yake bunduki ina kichwa kizito na inapinduka mkononi, wakati kwa mita 300 ya kukuza mara 8 au 9 yenye gramu 350 hivi inatosha kabisa. Pete za alumini badala ya chuma zinasaidia kidogo. Kufupisha mtutu wa .308 kutoka sentimita 56 hadi 46 kunakupotezea kama mita 30 kwa sekunde, kitu ambacho tahr wa mita 250 hatajua, ila mlio na mwanga wa moto vinakuwa vikali. Ndo maana wenzetu wa New Zealand wanafupisha mtutu halafu wanafunga sailensa, kule inaruhusiwa: inaongeza gramu 300 au 400, lakini inapunguza teke vizuri na uzito unakaa mbele ambako unatuliza mdomo wa mtutu. Kwa maoni yangu hizo ndo gramu zinazostahili kubebwa kuliko zote.

Sehemu ambayo nisingekata ni kitako, yaani ule ubao au plastiki yote inayoshika bunduki kuanzia begani hadi chini ya mtutu. Vitako vyepesi vya plastiki ya bei rahisi vinapinda. Pitisha karatasi kati ya mtutu na kitako, iteleze mpaka karibu na mwili wa bunduki, utafurahi kwamba haigusi popote. Halafu iegemeze bunduki kwenye begi kama unavyopiga kweli, au vuta mkanda ukaze, na upitishe tena karatasi ileile. Ikikwama umepata jibu la kwanini risasi zinahama kila ukibadilisha mkao. Dawa ni kitako kigumu zaidi au kuchonga nafasi zaidi, na kama mwili wa bunduki unacheza ndani ya kitako fundi anaulaza kwa epoksi, ile gundi inayokauka ngumu. Skrubu kaza kwa spana ya kipimo kwa namba iliyoandikwa kwenye kitabu chake, siyo kwa hisia.

Kwetu Tanzania hesabu inabadilika. Kenya ilifunga uwindaji 1977, kwetu unaendelea kwa vibali, na nchi yenyewe kwenye vitalu vingi ni tambarare, unasogea kwa gari kisha unafuata nyayo kwa miguu na unapiga juu ya fito tatu za kuegemea. Kwa swala na nyumbu bunduki ya kilo 3.5 haimuumizi mtu. Nyati ni habari nyingine, kule unaanzia risasi kubwa ya .375, ambayo ndani ya bunduki ya kilo 4 inapiga teke la joule 50 na kitu, ukiishusha kilo 3 unapita 70, na ya pili unaihitaji haraka kwelikweli. Nyepesi ya namna hiyo sielewi inamsaidia nani. Watu wanapenda kumtaja Bell, yule Mskoti aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa risasi ndogo ya 7x57, na aliyepachikwa jina la Karamojo kwa sababu ya Karamoja ya Uganda, kama ushahidi wa bunduki nyepesi. Uharibifu wake tuuweke pembeni kwa leo, ila kilichombeba ni risasi isiyomtesa bega na kujua ubongo wa tembo uko wapi kutoka kila upande, gramu hazikuwa hoja.

Kwahiyo kwa mtu wa milimani mimi ningesimamia kilo 3.3 mpaka 3.6, darubini na risasi zikiwa ndani, kwa 7mm-08 au 6.5 Creedmoor ambazo teke lake ni dogo kuliko .308, na pesa iliyobaki ningenunua boksi za risasi za aina moja na toleo moja, nizipige nikiwa nimekaa, nimepiga magoti, nimeegemea begi, kabla hata ya kufikiria titani. Ukishateremshwa na helikopta bondeni piga mbili kwenye karatasi kwanza kabla hujaanza kupanda, maana darubini haipendi safari.