Simu ya Mama wa Kibirizi Haijui Mishale

"Mwanangu, bei zimekwenda wapi?" Ndivyo alivyoanza mama mmoja muuza dagaa wa pale Kibirizi, mwalo wa Kigoma, hata shikamoo yangu hakuisubiri. Mwaka 2020 nilikuwa nimewatengenezea ukurasa mdogo wa bei za dagaa na migebuka. Kwenye laptopu yangu kila kitu kilikaa sawa. Kwake kilionekana kichwa tu, chini yake peupe.

Kesho yake nikashuka mwaloni. Simu ni ya mfumo wa zamani, Android 4.4, kioo kimepasuka kona, kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, ni kilekile kilichokuja nayo. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeandika funksheni za JavaScript, vipande vya programu vinavyoendesha ukurasa, kwa mtindo mpya wa mshale, ule `=>`. Kivinjari cha zamani kikikuta alama kisichoijua hakiruki mstari na kuendelea, kinalikataa faili zima. Mistari mia mbili ikafa kwa alama moja.

Ukitaja jQuery, maktaba ya JavaScript inayorahisisha kazi za ukurasa, mbele ya vijana waandika programu siku hizi wanakucheka. Ni mambo ya kizee, wanasema. John Resig aliitoa 2006, enzi ambazo kila kivinjari kilikuwa na lahaja yake, na leo `querySelector` (ya kutafuta kitu kwenye ukurasa) na `fetch` (ya kuleta data kutoka mtandaoni) vimo ndani ya kivinjari chenyewe. Vimo, ndiyo, kwenye simu zao. Kwenye simu ya yule mama `fetch` haimo kabisa. jQuery 3 inakubali kuanzia Android 4.0, na faili lake likibanwa linasafiri kwa kilobaiti kama 30 hivi. Picha ya mgebuka niliyoiweka juu ya ukurasa ilikuwa zaidi ya mara kumi ya hapo, na hakuna aliyenicheka kwa hiyo.

Wapo pia wanaong'ang'ania matoleo ya kwanza ya jQuery, ya 1.x, kwa sababu toleo la 2.0, Aprili 2013, liliacha kuvikubali vivinjari vya zamani vya Microsoft, Internet Explorer 6 hadi 8. Hao nao siwaungi mkono. Kuna matundu ya usalama yaliyozibwa kwenye 3.5.0 mwaka 2020, na mteja wangu wa Kibirizi hajawahi kuiona Internet Explorer maishani mwake.

"Si utumie Babel tu?" wataniuliza vijana; ni programu inayogeuza JavaScript mpya iwe ya zamani. Nilijaribu. Babel iligeuza mishale yangu ikawa `function` za kawaida, vizuri kabisa, lakini kugeuza sarufi si kuleta kisichokuwepo: `fetch` bado haikuwepo, kiraka chake unakitafuta mwenyewe. Hapo nikaanguka mara ya pili, safari hii nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mama ananitazama.

Nikafuta yote, nikaweka jQuery na `$.get` moja, amri yake ya kuleta data. Nikamrudishia simu yake. Akafungua, akasogeza kioo kwa kidole chenye magamba, akasoma kimya hadi chini.

"Zimetokea, mama?"

"Zimetokea. Ila hizi ni bei za juzi."