Mjomba na Kiingereza chake cha kamusi

Jamani hii sendoff ya shemeji yangu mpaka leo ikitajwa ukoo mzima watu wanashika mbavu. Upande wetu wa bwana harusi msemaji alikuwa mjomba, na mjomba ana ugonjwa mmoja, akishika maiki lazima adondoshe neno la kamusi. Si akasimama kumshukuru mama mzaa chema, akasema mama huyu ni mwanamke CALLIPYGIAN, tena kalitamka taratibu kabisa. Emsii naye asivyo na haya akadakia "yaani mama mwenye hekima!" Vigelegele.

Mjomba akarudi mezani, maiki akailaza mbele yangu bila kuizima. Shangazi ananikanyaga mguu, hilo neno ndo nini, hebu gugo. Nikagugo nikawa namsomea kwa sauti ya chini tu, eti limetoka Kigiriki, kallos ni uzuri na pyge ni makalio, kwa hiyo ni mwenye makalio mazuri.

Hapo "makalio mazuri" nikaisikia inatoka kwenye spika za nyuma.

Ukumbi kimyaaa. Mama wa watu alikuwa kasimama anaelekea kwenye chakula, akakaa haraka. Mjomba kanipokonya simu, kasoma mistari miwili mitatu, kashika tena maiki (nani kampa sijui) anajitetea kwamba hilo ni neno la heshima, Napoli kuna sanamu ya marumaru ya Aphrodite kapandisha nguo anageuka kujitazama nyuma, na kule Syracuse, Sicily, Wagiriki walihadithia dada wawili waliobishana nani kajaaliwa zaidi mpaka wakamsimamisha kijana njiani awe hakimu, kijana akampenda mkubwa, mdogo wake wa kiume akaja kumchukua yule dada mdogo, na hao dada wakishapata mali wakamjengea Aphrodite hekalu kwa jina hilohilo. "Hekalu, ndugu zangu!" Kila akieleza ndo anazidi kuzama, maana sasa hata waliokuwa jikoni wametoka kusikiliza, na mshenga wetu kajifunika uso na kadi ya mwaliko.

Baba mzaa chema akatangaza faini, laki mbili, papo hapo. Tukaanza kuchangishana chini ya meza, ndo bibi wa bibi harusi akanyoosha mkono kutoka meza ya mbele:

"Wapunguzieni, hajasema uongo."

Tukalipa laki.