Pangaboi au jeti: kwa safari ya Dodoma–Dar bawa lipi linaokoa mafuta?

Juzi kijiweni karibu na Nyerere Square hapa Dodoma jamaa yangu mmoja anayesafiri sana kikazi kasema yeye pangaboi, hizi ndege za mapanga kama Dash 8, hapandi tena, eti ndege yoyote ambayo ncha za mabawa hazijakunjwa kwenda juu ni ya kizamani na inakunywa mafuta, ndo maana nauli hazishuki. Nimetembea na hilo neno mpaka nyumbani, maana nusu yake ni kweli kabisa ila nusu ya pili inatupotosha sisi wa huku kati.

Tuanze na kweli yake. Bawa linainua ndege kwa sababu presha ya hewa chini yake ni kubwa kuliko juu, sasa pale nchani ile hewa ya chini inatoroka, inapanda na kujizungusha, inazaa kisulisuli kama hivi vya vumbi tunavyoviona Dom kiangazi vikikatiza viwanjani, tofauti ni kwamba hiki kimelala na kinaifuata ndege safari nzima. Nguvu ya kukizungusha inalipwa na mafuta. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani, karibu asilimia 40 ya nguvu ya hewa inayoivuta nyuma, yaani mvuto, chanzo chake ni hiki. Miaka ya 1970 mafuta yalipopanda bei duniani, Richard Whitcomb wa NASA, shirika la anga la Marekani, akaja na kile kipembe cha nchani, yaani ncha iliyokunjwa kwenda juu, na ndege zilizofungwa vipembe vizuri zinaokoa kama asilimia 4 kwenye safari ndefu. Si haba hata kidogo.

Ila kipembe siyo dawa yenyewe, dawa yenyewe ni urefu. Refusha bawa kwa asilimia 10, uzito na spidi vibaki vilevile, mvuto wa kisulisuli unashuka kwa kama asilimia 17. Ndo maana Boeing 787 ya ATCL (Air Tanzania) haina kipembe chochote, ina mita 60 toka ncha mpaka ncha na ncha zimechongwa zikalazwa nyuma. Mbona wengine hawarefushi? Maegesho. Ndege za saizi ya kati viwanja vinazitengea upana usiofika mita 36, na ona walivyobana, Airbus A220-300 ina 35.1 na Boeing 737 MAX 9 ina 35.9. Boeing 777X imebidi ikunje mabawa kabisa, mita 71.8 ikiwa angani, 64.8 ikiwa chini. Halafu bawa refu linaelemewa pale shinani, ukiliimarisha linakuwa zito, na uzito nao unakula mafuta yaleyale uliyotaka kuokoa.

Sasa hapa ndo jamaa yangu alipopotea. Ile Dash 8 Q400 anayoidharau ina mabawa ya mita 28.4 toka ncha mpaka ncha, upana wa bawa toka mbele hadi nyuma kwa wastani mita 2.2 tu, yaani urefu unakaribia mara 13 ya upana wakati A220 ni kama mara 11. Kwa maumbile ya bawa, pangaboi ndo nyembamba zaidi! Mwezi uliopita nilikaa dirishani, bawa liko juu ya kichwa, tukanyanyuka nikaona magurudumu yanakunjwa kuingia chini ya injini na bawa lenyewe limenyooka kama rula, halijalazwa nyuma hata kidogo.

Na kulaza bawa kuna sababu, ukikaribia spidi ya sauti hewa inaanza kugoma na mlazo unachelewesha huo mgomo, kwa hiyo jeti haikwepi. Gharama yake ni kwamba kwenye spidi ndogo linainua kidogo, na hapa Dom tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi kwa kama asilimia 10 kuliko Dar, ongeza jua la saa nane mchana, jeti iliyojaa inahitaji ranwei ndefu.

Sisemi jeti haina hoja. Airbus A220 inabeba abiria 132, Dash 76, ikijaa mafuta kwa kichwa yanakaribiana, tena jeti inapanda juu ya mawingu mengi ya masika, na kwa Johannesburg au Mumbai huwezi kuishindanisha na pangaboi. Lakini Dom–Dar hata kilomita 400 za angani hazifiki, jeti haijatulia juu inaanza kushuka, inakuzidi dakika chache tu. Uwanja mpya wa Dodoma wa Msalato na ranwei yake ya mita 3,600 inamaliza shida ya kunyanyuka, umbali haiubadilishi. Na toka treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024, kila lita inahesabika kwenye nauli. Kwa hiyo asubuhi za vikao vya Bunge watu wamejaa, leteni Airbus, ila mchana wenye abiria 50 waacheni wapande pangaboi.