Dhahabu kwenye uvimbe: leza peke yake ingeshindwa?

Habari za chembe nano, yaani vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho, "zinazochoma saratani kwa mwanga" hazikauki, na mara nyingi huja na picha ileile: panya mwenye uvimbe ubavuni, kisha panya yuleyule wiki kadhaa baadaye, uvimbe umetoweka. Sina sababu ya kuzitilia shaka picha hizo. Shaka yangu iko kwenye swali zinalolijibu.

Wanaoitetea tiba hii wana hoja nzito. Seli ikipashwa joto kupita nyuzi 50 hivi za Selsiasi, protini zake huharibika na seli hufa ndani ya dakika chache. Saratani inayojenga usugu dhidi ya tibakemikali haina ujanja mkubwa mbele ya joto la kiwango hicho. Kazi ngumu ni kuunguza uvimbe na kuacha nyama ya jirani salama, na hapo ndipo dhahabu inapoingia. Ikitengenezwa kwa vipimo vya nanomita (sehemu ya milioni ya milimita), elektroni zake za juu huyumba kwa pamoja kufuata mawimbi ya mwanga, na nishati hiyo hugeuka joto papo hapo.

Mwanga wenyewe huchaguliwa kwa makini. Washa tochi ya simu, ufunike taa yake kwa kidole: kidole kitang'aa chekundu, kwa sababu damu imemeza rangi nyingine na kuiachia nyekundu ipite. Mwanga wa infraredi iliyo karibu na wekundu, kati ya nanomita 700 na 900 hivi, hupenya vizuri zaidi. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, wakiwemo Naomi Halas na Jennifer West, walionyesha kuwa vitufe vya silika vilivyovikwa gamba jembamba la dhahabu vinaweza kuunasa mwanga huo na kuunguza uvimbe wa panya.

Sasa upande wa pili. "Hupenya vizuri zaidi" haina maana ya kupenya mbali. Mwanga hudhoofika haraka mwilini. Baada ya sentimita chache umeshatawanyika na kumezwa, na kinachobaki hakitoshi kupasha kitu. Uvimbe wa panya wa maabara mara nyingi hupandikizwa chini tu ya ngozi. Wa binadamu unaweza kuwa katikati ya ini au nyuma ya tumbo, kwenye kongosho.

Kuna pia suala la chembe kufika. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto lilichapisha uchambuzi wa tafiti za miaka kumi, likakuta kwamba, kwa kipimo cha kati, asilimia 0.7 tu ya chembe nano zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na wengu. Wakosoaji huinukuu takwimu hii kama hukumu ya kifo, nami nadhani hapa wanazidisha. Dawa yenye sumu ikiishia kwenye ini, italidhuru ini. Chembe ya dhahabu ikiishia huko haipashi chochote, kwa kuwa hakuna aliyeimulika. Linalobaki ni kwamba dhahabu haivunjwi kirahisi na mwili, na ikikaa kwenye ini miaka na miaka, usalama wake unapaswa kufuatiliwa kwa miaka hiyohiyo.

Majaribio kwa binadamu yalikwepa tatizo la kina kwa akili. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume ambayo haijasambaa. Walidungwa vitufe vya dhahabu kwenye mshipa. Siku iliyofuata madaktari waliingiza nyuzi nyembamba za kupitishia leza hadi ndani ya tezi, wakiongozwa na picha za MRI na ultrasaundi. Uunguzaji ulifanikiwa kwa 15. Kwa ugonjwa ambao tiba zake za kawaida zinaweza kumwachia mwanamume shida ya kukojoa au ya tendo la ndoa, tiba inayogusa doa moja tu la tezi si jambo dogo.

Lakini ukishafikisha uzi wa leza ndani ya uvimbe, dhahabu ni ya nini? Leza peke yake huunguza. Madaktari tayari huitumia hivyo, hata kwa uvimbe wa ubongo. Watetezi wana jibu: kwa dhahabu leza hafifu inatosha, na joto linafuata mipaka ya uvimbe badala ya kuenea ovyo. Huenda ni kweli. Ila jaribio la 2019 halikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo halikuweza kutuonyesha hilo.

Saratani iliyosambaa naiweka kando kabisa. Huwezi kuimulika mbegu usiyoijua ilipo, na saratani ikishasambaa ndipo huua zaidi. Wapo wanaotumaini kwamba seli zilizokufa kwa joto zitaamsha kinga ya mwili iwinde zilizobaki. Kwa panya, matokeo ya aina hiyo yamepatikana, hasa joto likiunganishwa na dawa za kuamsha kinga ya mwili. Bajeti ingekuwa yangu, ningeanza na jaribio lisilo na mvuto wa kichwa cha habari: wagonjwa wa aina moja, uzi uleule, nusu wakiwa na dhahabu na nusu bila, halafu biopsi, yaani kukata kipande kidogo cha nyama na kukichunguza, baada ya mwaka.