Mjumbe Hauawi, Ila Huku Birere Hung'olewa kwa Ufunguo wa 22

Taa ya injini ikiwaka tu hapa Birere, Goma, kila mtu daktari. Konda, muuza vocha, hata mwenye chukudu (kigari cha mbao cha mizigo) aliyesimama kupumua: "Ni sonda hiyo, patron, badilisha!" Sonda ni kihisi cha oksijeni kwenye bomba la moshi, mjumbe tu wa kompyuta ya injini. Na kwa kuwa mashine ya kusoma hitilafu imeandika kodi P0171, mtu anafungua pochi. Jamani, P0171 inasema hewa imezidi esansi (petroli). Nani kaona imeandika "nunua sonda"? (Lori la mazutu, yaani dizeli, la zamani halina hata hiyo sonda, na bado mwenyewe huuziwa.)

Anza na bomba la moshi. Lori linalorukaruka juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo kutwa nzima, gasketi ya manifoldi (pale moshi unapotokea injini) ibaki nzima kwa baraka za nani? Ufa mdogo kabla ya sonda unavuta hewa ya nje, sonda inaona oksijeni, kompyuta inaongeza esansi. Lori linakunywa, sonda inasingiziwa. Liwashe likiwa baridi, usikilize: tik-tik-tik, na masizi meusi pale kwenye kiungo. Buji (plagi) isiyochoma nayo huleta uongo huohuo, maana oksijeni inapita bila kuungua.

Sasa mita ya umeme, kama fundi anayo. Ingiza pini yake nyuma ya soketi ya sonda, waya usiutoboe. Injini ikishapata moto, shika mizunguko 2,000 kwa dakika. Sonda ya mbele ya zirkonia hucheza haraka kati ya volti 0.1 na 0.9. Imeganda chini? Puliza dawa ya kabureta kidogo mdomoni mwa njia ya hewa, mbali na bomba la moto. Ikiruka kuelekea 0.9, sonda ni nzima, katafute hewa inapoingilia. Isiposhtuka, haya, ishuku. Ile ya nyuma, baada ya katalisti (kisafisha moshi), kazi yake ni kutulia, lakini wapo wanaoing'oa eti imelala!

Ikiwa ni P0135, huo ni mkondo wa hita, kipasha moto kilicho ndani ya sonda. Angalia fyuzi kwanza, ndiyo rahisi kuliko vyote. Kisha chomoa soketi, pima zile nyaya mbili za rangi moja: omu chache tu, nyingi huwa kati ya 5 na 15. Mita ikionyesha njia imekatika, hita imekufa.

Ukinunua sonda mpya, fundi huyohuyo atapaka silikoni ya kawaida kwenye mfuniko wa valvu kama siagi ya mkate. Mvuke wake unaingia injini, unaungua, unaacha ukoko mweupe kwenye ncha ya sonda. Muulize: atakwambia vipuri vya siku hizi havidumu.