Isha ya Juni London: ratiba ya msikiti au simu?

Kuanzia takriban 22 Mei hadi 21 Julai, jua la London halishuki digrii 18 chini ya upeo wa macho, kipimo ambacho ratiba nyingi hukitumia kujua kwamba Isha imeingia. Alama haipo, na sala haijaondoka. Hapo kijana Mwislamu wa Uingereza hulazimika kuamua amsikilize nani.

Chukua 21 Juni. Jua huzama saa 3:21 usiku. Ukigawa usiku mafungu saba, Isha huingia fungu la kwanza linapokwisha, mnamo saa 4:25. Kwa wanaotosheka na jua kushuka digrii 12 ni kama saa 5:25. Kwa digrii 15 inakaribia saa 7, na jua huchomoza saa 10:43. Glasgow hata digrii 12 hazifikiwi.

Wanaotegemea programu za simu wana haki katika jambo moja: wanaona kipimo kilichotumika. Misikiti mingi huko ni ya madhehebu ya Kihanafi, iliyoanzishwa na wahamiaji wa Bara Hindi. Kijana wa Kishafii mwenye asili ya Mombasa au Unguja hukuta Alasiri ya kiangazi ikichelewa kwa zaidi ya saa moja kuliko alivyofunzwa nyumbani, kwa kuwa Wahanafi husubiri kivuli kiwe mara mbili ya kitu. Akiuliza, akijibiwa tu kwamba wazee ndivyo walivyofanya, ataondoka, na sioni kwa nini alaumiwe.

Lakini simu nayo imeshamchagulia fatwa kabla hajaigusa. Matatizo huanza anapookota linalomfaa: Isha ya mapema kwa njia hii, Alfajiri ya kuchelewa kwa njia ile ili daku irefuke. Wenye elimu walishalijadili suala hili karne nyingi zilizopita kuhusu Bulghar, mji wa kaskazini kando ya mto Volga, ambako usiku wa kiangazi ni mfupi mno. Al-Baqqali, mwanachuoni wa Kihanafi, alisema wakati usipoingia, Isha haiwajibiki. Ibn al-Humam, Mhanafi mwenzake wa baadaye, akampinga, akitegemea hadithi ya Dajali inayotaja siku ndefu kama mwaka na kuamuru wakati wa sala ukadiriwe. Urithi huo una nafasi pana kuliko vijana wengi wanavyodhani, ila hausomeki kwa kubonyeza.

Kwa maoni yangu imamu ndiye wa kuanza: chini ya ratiba aandike madhehebu, digrii, njia ya Mei hadi Julai na mwanachuoni aliyefuatwa. Kisha abaki na kazi isiyoandikika. Baadhi ya maulamaa huruhusu kukusanya Magharibi na Isha kwa mwenye ugumu wa kweli, Wahanafi hawaruhusu. Anayeingia kazini saa 11 alfajiri anahitaji mtu wa kumuuliza hali yake kwanza.